WAYA UKIKATIKA, KENGELE ILIE

Ndugu wafanya kazi wa reli,

Tangu mitambo mipya ya stima ya akiba ilipoanza kuletwa katika stesheni zetu na katika vyumba vya signali, tumesikia maneno mengi matamu. Tumeambiwa ya kwamba sasa mtambo unajilinda wenyewe. Stima ya laini ikikatika, betri hushika kazi mara moja. Betri zikichoka, mtu aliye katika ofisi ya mbali huona taa nyekundu juu ya ubao wake, akabonyeza kitufe, na jenereta ikawaka. Kwa hiyo, wanasema, hapana haja tena ya fundi wa zamu ya usiku. Fundi mmoja mwenye pikipiki ati atatosha stesheni tano.

Sisi ambao hufungua milango ya mitambo hiyo tunataka kujibu maneno hayo, na tutajibu kwa habari za waya, wala si kwa matusi. Wakubwa wamezoea kusema kwamba chama kinajua kelele za mshahara tu na hakijui kazi. Basi leo tuzungumze kazi.

Ndani ya mtambo wa akiba, ule ambao mafundi huuita UPS, kuna kadi ndogo yenye rilei. Kwa wenzetu wa njia na wa upakiaji ambao hawajaiona, rilei ni swichi inayosukumwa na sumaku ya stima badala ya kidole cha mtu. Kila moja ina skrubu tatu za kufungia waya. Skrubu ya kwanza ni ya shirika. Ya pili imeandikwa N.O., na hapo waya huwa zimeachana wakati rilei imelala. Ya tatu imeandikwa N.C., na hapo waya huwa zimeshikana wakati rilei imelala. Rilei hizo ndizo mdomo wa mtambo. Kwa moja mtambo husema, "Stima ya laini imekwenda, sasa nakula betri." Kwa nyingine husema, "Betri zinakwisha." Kwa nyingine tena husema, "Mimi mwenyewe ni mgonjwa." Tena kadi hiyo ina masikio, yaani mahali pa kuingiza waya kutoka nje, ili mtu wa mbali auamuru mtambo uwake au uzimike.

Sasa sikilizeni vizuri, maana ugomvi wetu wote uko hapa. Mdomo huo waweza kupangwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, rilei ilale siku zote na waya ziachane. Siku ya hatari ndipo rilei iamke, ishikanishe waya, na taa iwake huko mbali. Njia ya pili, rilei iwe macho siku zote mambo yakiwa mazuri, izishikilie waya, na stima kidogo izunguke mpaka ubao wa mbali. Siku ya hatari rilei iachilie, na ule ukimya ndio upige kengele. Mtu akitazama haraka ataona ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Katika njia ya kwanza, mwizi wa shaba akikata waya, panya akiutafuna, skrubu ikilegea, au kadi yenyewe ikifa, ubao wa mbali utaendelea kuonyesha kwamba mambo ni salama. Katika njia ya pili, waya ukikatwa, kengele italia saa ile ile.

Jambo hili si geni katika reli. Mwamerika mmoja, William Robinson, alijaribu mwaka 1870 kuendesha signali kwa stima akitumia njia ya kwanza. Aliiona kasoro yake mwenyewe, akaiacha, na mwaka 1872 akapata hati ya uvumbuzi wa njia ya pili: stima hupita katika vyuma vya reli vyenyewe na kuishikilia rilei. Magurudumu ya treni yakikanyaga hapo, rilei huanguka na signali huonyesha hatari. Chuma kikivunjika, waya ukikatika, betri ikifa, rilei huanguka vile vile. Hata kabla ya stima, signali ya mkono wa chuma iliyovutwa kwa waya iliwekewa uzito, ili waya ukikatika mkono urudi kwenye hatari wenyewe. Basi jambo lililojulikana miaka zaidi ya 150 iliyopita linasahauliwaje na kontrakta wa leo mwenye kompyuta mkononi? Jibu ni fupi. Kadi nyingine hutoka kiwandani zimepangwa kwa njia ya kwanza, na kontrakta hulipwa kwa kumaliza, halipwi kwa kufikiri.

Tunajua stesheni moja ya bara ambayo hatutaitaja, kwa kuwa mwenzetu aliye hapo shauri lake bado halijakatwa. Usiku mmoja wezi walikata kebo. Baadaye mvua ikanyesha na stima ya laini ikaenda. Mtambo wa akiba ulifanya kazi yake vizuri, ukala betri, ukaita, ukaita tena. Lakini uliita ndani ya waya uliokatika. Ubao wa mbali ulikaa kijani usiku kucha. Kabla ya alfajiri betri zilikwisha, signali zikazimika, na treni ya mizigo ikasimama porini mpaka watu wakaanza kupitisha treni kwa makaratasi na bendera. Asubuhi ile ile barua ya onyo iliandikwa. Haikuandikwa kwa kontrakta, wala kwa yule bwana aliyetia sahihi kwamba kazi imekwisha vyema. Iliandikwa kwa fundi wa zamu, ambaye usiku huo alikuwa na stesheni tano chini ya mkono wake na alikuwa kwenye stesheni nyingine. Barua ilimwuliza kwa nini hakuitikia kengele. Kengele gani, jamani?

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya treni kuchelewa tu. Tarehe 23 Julai 2011, karibu na mji wa Wenzhou huko China, radi iliunguza fyuzi katika chombo cha signali. Chombo kiliendelea kutoa habari za zamani, na signali iliyopasa kuwa nyekundu ikakaa kijani. Treni iliyokuja nyuma iliigonga ile ya mbele, watu 40 wakafa. Chombo kikizimika na kusema kimezimika, hicho ni chombo kizuri. Hatari iko katika chombo kilichokufa ambacho bado kinasema ni kizima.

Wakubwa watasema kwamba kubadili mitambo yote ni ghali. Twawajibu kwamba kazi yenyewe ni ya nusu saa kwa mtambo mmoja, pamoja na kufunga na kufungua mlango. Lakini ifanywe sawasawa. Kuna wanaodhani kwamba wakihamisha waya kutoka skrubu ya N.O. kwenda ya N.C. wamemaliza. Hawajamaliza. Hiyo inaponya waya uliokatika tu. Kadi ikifa, rilei bado imelala, waya bado zimeshikana, na ubao bado ni kijani. Dawa kamili ni kuipanga kadi rilei iwe macho wakati wa heri na ianguke wakati wa shari, na waya zifungwe kwenye N.O. ambayo sasa inashikiliwa. Kama kadi haikubali mpango huo, iwekwe rilei nyingine nje yake, inayoshikiliwa na stima ya mtambo wenyewe. Na mtu asitie volti 110 za chumba cha rilei katika kontakti hizo ndogo. Nyingi ni za volti za chini, 24 au 30 hivi. Kibandiko kisomwe kwanza. Kontakti iliyoungua hushikamana kama chuma kilichochomelewa, na baada ya hapo husema neno moja tu maisha yake yote.

Liko tena jambo la kipimo cha wakati. Mtambo husema "betri zinakwisha" kwa kipimo ulichowekewa. Iko mitambo inayotoka kiwandani imewekewa dakika 2. Kipimo hicho chafaa kompyuta ya ofisi, ambayo huhitaji kuhifadhi kazi yake na kulala. Lakini fundi aliye Voi hafiki Mtito Andei kwa dakika 2 hata akipewa ndege. Twasema kipimo hicho kiwekwe kwa saa ya barabara: muda wa fundi kuamshwa, kupata gari (ikiwa lipo, na lina mafuta), kufika, na kuwasha jenereta kwa mkono ikiwa imekataa. Kama betri hazitoshi muda huo, basi ziongezwe betri au abaki mtu stesheni. Hapana njia ya tatu. Na ile kengele ya kwanza, ya "nakula betri", icheleweshwe sekunde chache, maana stima yetu hupepesa mara nyingi, na kengele inayolia kila mara mwisho wake ni kufungwa kitambaa mdomoni. Tumeiona imefungwa hivyo, kitambaa safi kabisa cha kufutia meza.

Sasa tuje kwenye masikio ya mtambo. Hapa hatuzungumzi tena juu ya barua, twazungumza juu ya vidole vya watu.

Jenereta huamriwa kwa waya mbili. Zikishikana, injini huwaka. Zikiachana, huzimika. Haijui nani amezishikanisha, wala haijui kwamba fundi ameinama mbele yake anabadili mkanda wa feni. Mtu wa ofisi ya mbali hamwoni fundi. Ameona taa nyekundu, amebonyeza kitufe, naye amefanya kazi yake. Au hakubonyeza mtu yeyote: stima ya laini imepepesa na mtambo umejiamuru wenyewe. Feni haiulizi jina. Ndiyo sababu swichi ya jenereta ina mahali pa kuzima, na ndiyo sababu mahali hapo lazima pafungike kwa kufuli, si kwa karatasi iliyobandikwa. Kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule aliyetia mkono ndani. Si katika droo ya stesheni masta, wala si kwa mkubwa. Tena waya wa betri ya kuwashia ufunguliwe. Watu wawili wakifanya kazi, ziwe kufuli mbili.

Na mtambo wa betri nao una udanganyifu wake. Mtu wa mbali akituma amri ya kuzima, taa za mbele hufa, na fundi kijana hudhani stima imekwenda. Haikwenda. Betri 20 za volti 12 zilizofungwa mfululizo ni volti 240, na zikiwa zinachajiwa hupita 270, wala hakuna kitufe cha mbali kinachoziondoa. Kuzimwa kwa mbali si kukatwa kwa stima. Neno hili liandikwe juu ya kila mlango kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza peke yake, na si kwa herufi zinazohitaji miwani.

Kuna wenzetu katika chama wanaosema kwamba kama njia ya pili ni bora kwa kengele, basi hata waya wa kitufe cha kuzimia wakati wa moto ufungwe kwa njia hiyo. Hatukubaliani nao, na ni vizuri kulisema wazi mbele ya wanachama. Kengele ikilia bure, hasara ni fundi kuamka. Lakini kitufe cha kuzimia kikifungwa hivyo, mwizi mmoja mwenye koleo anazima stesheni nzima kwa kukata waya mmoja. Twaona ni afadhali kitufe hicho kiwe cha njia ya kwanza, kiwe ndani ya jengo karibu na mlango chini ya kifuniko, waya wake uwe mfupi na usitoke nje kamwe, na kijaribiwe kwa mkono kwa zamu iliyopangwa. Kukijaribu ni kuzima, kwa hiyo kijaribiwe wakati hakuna treni karibu na kwa ruhusa ya mwongozaji wa treni. Kitufe ambacho hakijajaribiwa tangu siku ya ufunguzi ni pambo la ukutani.

Sasa hao wanaotuambia kwamba mitambo ikiwa na amri ya mbali watu hawahitajiki, watuambie juu ya tarehe 9 Agosti 2019 huko Uingereza. Jioni hiyo stima ya nchi ilitetemeka, na mapigo yake, ambayo hupaswa kuwa 50 kwa sekunde, yakashuka chini ya 49. Treni zipatazo 60 zikajizima, kwa kuwa ndivyo zilivyopangwa. Baadhi ziliwashwa tena na madereva. Lakini zaidi ya 20 zilikataa katakata mpaka fundi alipozifikia moja moja na kompyuta yake, huku abiria wamefungiwa ndani kwa saa nyingi. Wale waliozipanga hawakuwa ndani ya treni. Siku mashine ilipokataa amri, waliitwa watu. Je, kama watu hao wangalikuwa wamepunguzwa?

Na hapa kwetu, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipokatika karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia gizani kwa sababu jenereta ya akiba haikuwaka. Waziri wa uchukuzi aliomba radhi, na mkubwa wa mamlaka ya viwanja akaondolewa kazini. Hatusemi hayo kwa furaha. Twasema tu kwamba huko aliulizwa mkubwa. Kwetu sisi huulizwa mwenye bisibisi.

Kwa wale wanaotaka kujua sababu ya chama kuunganisha mambo ya waya na mambo ya saa za kazi, wasome habari za Clapham Junction, London, tarehe 12 Desemba 1988. Fundi mmoja alibadili waya katika chumba cha rilei. Waya wa zamani haukukatwa ukaondolewa, wala haukufungwa pembeni. Kazi nyingine ilipofanywa katika chumba kile, waya ule ulisogea ukagusa mahali pake pa zamani, ukaishikilia rilei ambayo ilipaswa kuanguka. Signali haikuonyesha nyekundu. Watu 35 walikufa. Serikali ya huko iliweka uchunguzi chini ya Anthony Hidden, na ripoti ilitoka mwaka 1989. Ilionekana kwamba fundi yule alikuwa amepumzika siku moja tu katika majuma 13, na ya kwamba hakuna mtu mwingine aliyehesabu waya baada yake kama ilivyopasa. Soma tena: siku moja katika majuma 13. Halafu mtu atuletee karatasi ya stesheni tano kwa fundi mmoja aiite maendeleo.

Hatupingi mitambo mipya. Betri nzuri na rilei nzuri ni rafiki wa fundi, na amri ya mbali ikipangwa vizuri yaweza kumwokoa mtu safari ya usiku wa mvua. Tunachopinga ni mtambo kupangwa na mtu ambaye hatalala karibu nao, kupokelewa na mtu ambaye hakuufungua, na lawama kuletwa kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Kwa hiyo chama kimewaandikia wakubwa hivi. Mtambo wowote usipokelewe mpaka fundi wa stesheni hiyo avute kila waya wa kengele kwa mkono wake, mmoja mmoja, na mwenzake aliye kwenye simu mbele ya ubao wa mbali aseme ameona nini. Majibu yaandikwe na wote wawili watie sahihi. Jaribio hilo lirudiwe kila kadi ikibadilishwa, maana kadi mpya huja na mpango wa kiwandani na husahau yote mliyoifundisha ya zamani. Kufuli zigawiwe kwa mafundi kama buti zinavyogawiwa. Zamu ya usiku isipunguzwe mahali popote ambapo muda wa betri ni mfupi kuliko muda wa barabara. Na barua ya onyo juu ya kengele isiandikwe kabla ya waya wa kengele hiyo kupimwa mbele ya mjumbe wa chama.

Sheria iko upande wetu, nayo si ya jana. Ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke mitambo salama na awape wafanya kazi mafundisho juu yake. Inataka pia kamati ya usalama mahali penye waajiriwa 20 au zaidi. Stesheni ndogo hazifikii hesabu hiyo, lakini depo zinafikia. Katika depo ambayo kamati yake haijakaa mwaka huu, wajumbe waitishe kikao, na jambo la kwanza mezani liwe orodha ya mitambo ya akiba na jinsi kila kengele yake ilivyofungwa.

Kila tawi limepelekewa fomu tupu. Andikeni jina la stesheni, mtambo, njia iliyotumiwa kwa kila rilei, kipimo cha dakika za "betri zinakwisha", na kama swichi ya jenereta yafungika kwa kufuli au haifungiki. Msifungue mtambo peke yenu ili kujaza fomu. Subirini siku ya matengenezo yenu ya kawaida. Fomu zirudi kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Shauri la yule mwenzetu wa barua ya onyo litasikilizwa baada ya hapo, na mjumbe wa chama ataingia pamoja naye. Ataichukua ile kebo iliyokatwa, ambayo mafundi wa depo walikuwa na akili ya kuihifadhi.

Wenu katika chama,
Mafundi wa stima na signali